Maman, Kumbe Sele Zote Zilikuwa Zako

Kwako Maman, uliyeondoka na siri yako mkononi,

Nimekaa kwenye kigoda chako. Ndiyo, kile kigoda kifupi kilicho katika chumba cha nyuma cha karakana, chumba ambacho maisha yangu yote nilikiita chumba cha Papa. Magoti yangu yamefika karibu na kidevu. Karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia ngozi.

Ni wiki ya kumi na mbili tangu tukuzike. Mwezi wa kwanza nilidhani nimemaliza kulia, na kwamba kilichobaki ni kuzoea tu. Kumbe nilikuwa nimemlilia mtu mwingine. Nilimlilia mama aliyekuwa anapanda mpunga, anamenya ndizi na kumpelekea mume wake chakula kazini. Huyo mwingine sikumlilia, kwa sababu sikumjua. Acha nikusimulie namna nilivyomjua, maana hadi sasa ninajishika kichwa.

Unakumbuka tulivyovuka kutoka Kongo? Nilikuwa na miaka sita, wewe umembeba mdogo wangu mgongoni, Papa amebeba godoro kichwani. Hapa katika bonde la Bugarama hatukujua mtu. Mwaka haukuisha Papa akafungua karakana yake kando ya barabara, mahali pale wanapopita banyonzi, wale wanaume wanaobeba watu na mizigo kwa baiskeli. Alining'iniza sele tatu, viti vya baiskeli vya ngozi, kwenye waya mbele ya mlango. Kabla sijamaliza shule ya msingi, hakuna mtu aliyekuwa anamwita jina lake tena. Alikuwa Papa Sele. Na wewe, kwa sababu ulikuwa mke wake, ukawa Maman Sele. Nilidhani unaitwa hivyo kama vile mke wa mwalimu anavyoitwa Maman Mwalimu.

Mimi nilikua nikijivunia zile sele. Watu walikuwa wanatoka Nyakabuye, wanatoka Gitambi, wanashuka milima yote ile kuja kwetu. Kila mmoja alikuwa na hadithi ileile ya kile kiti kinachokuja na baiskeli kutoka dukani, chenye sponji ndani na plastiki juu. Msimu mmoja wa jua letu, plastiki inapasuka. Mvua ikinyesha, sponji inakunywa maji kama mtoto anavyonyonya, halafu mtu anashinda kutwa nzima suruali imelowa nyuma, anaona haya hata kushuka. Na akibeba gunia la mpunga au mifuko ya saruji kutoka kiwandani, chuma cha chini kinamfikia kwenye mfupa.

Sele ya ngozi ni kitu kingine. Mwanzoni inauma, na Papa hakumficha mteja yeyote. Alikuwa anawaambia, "Mwezi wa kwanza utanitukana. Mwezi wa pili utanyamaza. Kuanzia wa tatu, mtu akikuomba kinga yako umwazime, utakatala." Kinga, yaani baiskeli yako, utamnyima mtu, kwa sababu ngozi imeshajifunza mwili wako, imeshuka mahali pa mifupa yako na kuinuka mahali pengine, na mwingine akikaa hapo anaona kama amevaa kiatu cha mtu. Nilimsikia akisema maneno hayo mara nyingi hadi nikawa ninayasema pamoja naye. Sasa najiuliza, Maman, maneno yale aliyatoa wapi? Nani alimfundisha kuyasema?

Vidole vyako. Wacha nianze na vidole vyako.

Vilikuwa vyeusi kwenye kucha, siku zote. Nilipokuwa bwenini kule Nyakabuye ulikuja kunitembelea umevaa kitenge chako kizuri cha kanisani, na msichana mmoja niliyekuwa ninalala naye chumba kimoja akaniuliza, "Mama yako iko na kazi gani? Mbona mikono iko vile?" Nikamjibu, "Anamenyaka ndizi." Ni wewe uliyekuwa umenipa jibu hilo. Kila nilipokuuliza ulisema ni utomvu wa ndizi, na zile alama nyembamba za kukatwa ulisema ni majani ya mpunga. Mimi mwenyewe nilikuwa ninamenya ndizi, na mikono yangu ilikuwa inatakata baada ya siku mbili. Sikujiuliza. Mtoto hamchunguzi mama yake. Anamla tu, kama chakula.

Halafu kulikuwa na jambo lile la kutazama wanaume. Nicheke au nilie, sijui. Tulikuwa tukitoka shambani, na baiskeli ikitupita ulikuwa unasimama kabisa, jembe begani, unageuka unamtazama yule mwanaume akienda. Na hukuwa unamtazama usoni! Ulikuwa unamtazama pale anapokalia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikawa ninakuvuta kitenge. "Maman, bantu banakuona!" Wewe ukasema, "Wacha baone," na ukaendelea kutazama mpaka mtu amepotea kwenye kona. Majirani walisema. Nilisikia mwanamke mmoja kisimani akisema Maman Sele anapenda makalio ya watu, na wenzake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nilirudi nyumbani bila ndoo. Sikukuambia kwa nini. Wiki nzima sikukutazama machoni.

Sasa nifike kwa Sadiki.

Unamjua Sadiki, yule anayebeba mpunga wa ushirika, mrefu, mwenye kicheko cha kupaza. Mwezi mmoja baada ya mazishi alikuja karakanani. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Kamembe, famasi ninakofanya kazi ilikuwa imenipa siku mbili za kuja kumtazama Papa. Sadiki alibeba sele yake mkononi kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Ngozi ilikuwa imechanika mbele, pale inapobanwa kwa misumari ya shaba.

"Miaka kumi na moja, Mzee," alimwambia Papa. "Mutoto yangu ya kwanza alizaliwa mwaka ule uliniuzia. Leo huyu mutoto iko anaendesha kinga yeye mwenyewe. Na sele haijaniumiza hata siku moja. Munifanyie ingine sawa hii."

Papa aliipokea, akaigeuza, akasema, "Wacha hapa. Utarudi juma ijayo."

Juma lililofuata nilimpigia Papa simu, akasema bado. Juma jingine, bado. Niliposhuka tena, nikakutana na Sadiki barabarani, na Maman, alikuwa amekalia chuma. Chuma kitupu, na gunia kuukuu amelikunja na kulifunga juu yake kwa kamba ya mpira. Nyuma amebeba magunia mawili. Alinisalimia akicheka, lakini aliposhuka alitembea kama mwanamke aliyetoka kujifungua.

Niliona aibu. Nilidhani Papa amekata tamaa kwa sababu yako. Nikasema moyoni, ngoja niende nimtie nguvu, kazi itamtoa katika huzuni. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumwambia.

Nilimkuta katika chumba hiki. Ngozi ilikuwa ndani ya ndoo ya maji, imelowa tayari. Kalibu, ule mti uliochongwa kwa umbo la sele, alikuwa ameushika katikati ya magoti.

"Papa, Sadiki anakaa juu ya chuma."

"Nimeona."

"Basi umusaidie. Ni kazi yako. Unaweza kuifanya hata ukifumba macho."

Akatoa ngozi kwenye maji, akaiweka juu ya kalibu, akaanza kuivuta. Aliivuta upande mmoja, ikateleza upande wa pili. Akaivuta tena. Mimi niliyemwona maisha yangu yote akipokea sifa za kazi hii, nilisimama pale nikaona mzee ambaye hajui aanzie wapi. Alichukua msharasi, ule msumari wa mpini wa kutobolea ngozi, akausukuma, na ukapita pembeni ukamwingia kiganjani.

Nilipiga kelele. Yeye hakupiga. Alitazama damu inavyotoka na akasema, taratibu sana, kama mtu anayesoma tangazo kanisani:

"Siyo mimi."

"Nini, Papa?"

"Sele. Siyo mimi njo nilikuwa nafanya. Haikukuwa mimi hata siku moja. Ni mama yako."

Nilicheka, Maman. Unisamehe. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepigwa kibao ghafla na hajajua bado kama kimeuma. Nikasema, "Papa, keti, nikufunge mkono, umechoka." Yeye akarudia. Alisema wewe ulikuwa unakuja kila siku na sufuria ya chakula, unaingia hapa nyuma, unafunga mlango, na yeye anabaki mbele na wateja. Yeye alikuwa anakata vyuma, anafunga springi, anakaza bolti, anaongea. Wewe ulikuwa unalowesha, unavuta, unatoboa, unashona yale masikio mawili ya pembeni yakutane chini, unapaka nta ya nyuki. Chakula cha mchana, Maman! Chakula ambacho kilikuwa kinachukua mchana mzima, na wewe kurudi jioni ukiwa na harufu ya ngozi. Tulikuwa tunasema harufu ile ni ya Papa.

Nilimfunga mkono. Nilipomaliza nikatazama chumba hiki kana kwamba mtu amefungua dirisha. Kigoda. Papa ni mrefu kuliko mlango wetu, lazima ainame akiingia. Angekaaje kwenye kigoda hiki miaka yote? Aproni ya ngozi iliyoning'inia ukutani: mkanda wake ulikuwa umechakaa kwenye tundu moja tu, tundu la kiuno chako. Nilijifunga mimi, na tundu lile likanienea.

Na kalibu zako. Nilizishusha moja moja kutoka kwenye rafu. Chini ya kila moja ulikuwa umeandika kwa makaa, kwa zile herufi zako kubwa zinazopanda kama zinapanda mlima. "Sadiki, analala kushoto." "Mwalimu wa Gitambi, mifupa mipana." "Yule wa maziwa, anakaa mbele sana, aongezewe." Nilikaa chini sakafuni. Ulikuwa unawapima! Pale barabarani, jembe begani, mimi ninakuvuta kitenge nikifa kwa haya, wewe ulikuwa unawapima wateja wako, kwa sababu usingeweza kuwaita waingie uwapime kama fundi mwanaume. Na mwanamke yule kisimani alicheka, na mimi nikaamini kicheko chake.

Lakini kilichoninyima hewa siyo hicho. Ni siku ile ya sherehe yangu.

Nilipomaliza sekondari, mlinunua mbuzi, majirani wakaja, padri akaja. Nikasimama kutoa shukrani. Nilikuwa nimeandika hotuba, unakumbuka, nilikuwa nimeikariri kwa siku tatu. Nikasema, "Ninaishukuru mikono ya Papa wangu. Kila daftari, kila kalamu, vilitoka katika mikono hii." Nikamwinua Papa mkono juu, watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Halafu nikakugeukia wewe, nikasema, "Na Maman, asante kwa kutupikia."

Maman. Ulipiga makofi.

Ulisimama pale kando ya sufuria, ukapiga makofi pamoja na wengine, ukitabasamu. Papa alikuwa anatazama viatu vyake. Nilidhani ni unyenyekevu. Nilisema hata kwa rafiki zangu, mnaona Papa wangu alivyo mnyenyekevu.

Siku ile nilipoambiwa ukweli nilitoka karakanani bila kumuaga Papa. Nilitembea barabarani, na kila baiskeli iliyopita niliitazama pale pale ulipokuwa unatazama wewe. Ile ya muuza maziwa. Ile ya mzee wa kanisa. Ya kijana aliyembeba mama mjamzito. Zako. Zako. Zako. Bonde zima limekalia mikono yako na hakuna mtu anayejua. Nilitaka kuwasimamisha. Nilitaka kupiga kelele katikati ya barabara kama mwendawazimu. Mwanamke mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo.

Hasira yangu yote nilimwekea Papa. Nilisema huyu mzee amekula jina la mama yangu. Nikampigia simu Mama mudogo Esperance kule Bukavu, nikidhani nitamshtua.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Kujua nini? Sele? Na nani atakuwa hajui? Papa yetu alitufundisha sisi wawili, mimi na mama yako, kwa sababu hakuzaa mwanaume. Mimi niliachaka. Yeye alikuwa anapenda."

"Na ulimwacha Papa achukue sifa yake?"

Ndipo akanisimulia kitu ambacho hamkuniambia, wewe wala Papa. Kwamba mlipofika Bugarama, ni wewe uliyetangulia kwenda sokoni na sele ya kwanza. Uliiweka mbele yako juu ya gunia. Wanaume walikuwa wanakuja, wanaiinua, wanaibonyeza kwa kidole gumba, wanaisifu. Wanauliza, "Nani ametengeneza?" Unasema, "Ni mimi." Na wanaiweka chini. Mmoja baada ya mwingine. Kutoka asubuhi mpaka soko linafungwa, wanaiinua, wanauliza, wanaiweka chini. Mmoja akacheka akasema hawezi kukalia kitu kilichoshonwa na mwanamke, ataambiwa nini na wenzake.

Soko lililofuata alikwenda Papa na sele ileile. Siyo nyingine, ileile. Mwanaume wa kwanza aliyeiinua akaondoka nayo.

"Aliniambia kwa simu," akasema Mama mudogo. "Alicheka, alicheka sana. Alisema, 'Esperance, bameinunua! Basi nitashona, na Papa wa batoto akae mbele, na batoto basome.' Ni yeye alichagua, siyo baba yako. Baba yako alilia. Mama yako akamwambia, 'Wewe unalia nini? Unafikiri ngozi inajua jina?'"

Sijui kama ni hivyo hasa ulivyosema. Lakini nilisikia sauti yako kabisa, na niliketi kwenye ngazi ya famasi mchana kweupe nikalia mbele ya wateja.

Bado nina hasira, sitakudanganya. Hasira na Papa, ambaye angeweza kusema baada ya mwaka mmoja, baada ya miaka mitano, walipokwisha kuzoea sele zenu na wasingeweza kuziacha tena. Na wewe pia. Wanaume wa soko, ninaelewa kwa nini uliwaficha. Lakini mimi? Mimi ningeiweka sele chini? Halafu ninakumbuka jinsi nilivyoona haya kwa ajili ya vidole vyako mbele ya msichana mmoja tu wa bweni, na swali langu linanirudia mwenyewe. Labda ulinitazama ukanipima, kama ulivyowapima wale wa baiskeli, ukaona bado.

Nilimwomba Mama mudogo avuke. Alikuja na begi dogo, ndani yake msharasi wa babu na bonge la nta. Alikaa kwetu wiki mbili. Mimi nilikuwa ninashuka kutoka Kamembe kila nilipopata siku, na Jumapili baada ya misa. Nilimwambia sitaki aishone yeye, anionyeshe tu.

Ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa na haraka, nikaianika juani, na ikakauka ikajikunja kama kigae cha nyumba. Mama mudogo aliigonga kwa kidole, ikalia ko! Akasema, "Hii utaezekea nyumba." Ngozi haikauki juani, kumbe, inakauka kivulini, polepole, na kila siku unaivuta tena kidogo. Uliyavumilia hayo yote na bado ukawahi kutupikia? Ya pili nilitoboa matundu makubwa. Kidole changu cha shahada kina kidonda ambacho hakifungi. Kucha zangu zimekuwa nyeusi, na juzi mteja mmoja wa famasi alizitazama nilipokuwa ninampa dawa. Sikumwambia ni ndizi.

Ya tatu ilikaa kwenye kalibu ya Sadiki. Nilifuata makaa yako: analala kushoto. Nikaacha ngozi nene zaidi upande huo. Papa alikuwa anakaa mlangoni anatazama, mkono wake umefungwa bado. Siku niliyoipaka nta mara ya mwisho, aliinuka akaifunga kwenye chuma chake yeye mwenyewe, akakaza bolti ya mbele. Hiyo kazi anaijua. Nilimwacha.

Sikumwomba aseme lolote kwa mtu. Nataka ujue hilo. Tulikuwa tumegombana mara moja, nikamwambia watu wanapaswa kujua, akaniambia, "Banaenda kunicheka, mutoto yangu. Katika uzee huu." Nikaona macho yake, nikaacha.

Sadiki alikuja jana asubuhi. Banyonzi wengine watano au sita walikuwa wamesimama mbele ya karakana kama kawaida, wanangoja abiria, wanasimuliana habari za mpira. Papa akamkabidhi sele. Sadiki aliigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wa chini, akaibonyeza kwa kidole gumba. Uso wake ukafunguka.

"Mzee," akasema kwa sauti yake ile kubwa, wenzake wakageuka. "Munaona? Nilisema Papa Sele hawezi kushindwa. Fundi ni fundi! Mungu akulindie hii mikono."

Papa alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akaendelea kuifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi nilikuwa mlangoni, nimejifunga aproni yako. Nilidhani atasema asante, kama anavyosema siku zote. Nilikuwa nimejiandaa kuisikia hiyo asante na kunyamaza.

"Sadiki," Papa akasema. "Fundi alikufa."

Sadiki akacheka. Alidhani ni mzaha. "Mzee, uko hapa mbele yangu."

"Mimi nilikuwa nakaza bolti. Fundi ni Maman Sele. Ile sele yako ya miaka kumi na moja, ni yeye. Na ya huyu, na ya huyu, na ya yule. Zote. Mimi sijui kushona ngozi, sijawahi kujua. Na hii unashika, ni huyu mutoto yake ameshona." Akaninyooshea mkono.

Hakuna aliyecheka, Maman. Habari za mpira ziliisha. Mmoja alishuka kwenye baiskeli yake akasimama kando yake, akaitazama sele kana kwamba ameona nyoka amelala juu yake. Mwingine akasema, "Haiwezekani," halafu akawa anahesabu kitu kichwani. Papa alisimama wima mbele yao, yule mzee mrefu, mikono imening'inia, anangoja wamcheke. Nilitamani kwenda kumshika.

Sadiki alikuwa ameishika ile sele kwa mikono miwili. Nilitazama mikono yake tu. Nilikuwa ninaomba, Maman, kwa nguvu zangu zote, asiiweke chini.

Hakuiweka chini. Aliileta kifuani. Alinitazama mimi, akatazama kucha zangu, kisha akamgeukia Papa, na sauti yake kubwa ile ilikuwa imekwisha kabisa.

"Mzee," akasema, "mimi nilikuwa kati ya wale banne balibeba jeneza. Ile siku, sikujua nabeba nani."

Lala, Maman. Sasa wanajua.

Mimi, mzaliwa wako wa kwanza, uliyemsomesha